Vitumbua Visivyoliwa

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Maili Moja, Kibaha, kuna karakana ya seremala. Mvua ikinyesha, maranda yake yaliyorundikana nje huloa, na jua likiyapiga hutoa harufu tamu yenye uchachu kwa mbali, kama unga wa muhogo uliosahauliwa kwenye ungo. Kila nikipita pale najikuta najikuna viganja. Siku moja seremala aliniuliza kama nina ugonjwa wa ngozi. Nikamwambia hapana, ni mambo ya zamani tu. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kupiga randa.

Nyinyi nitawaeleza, kwa kuwa mmekaa.

Tulikuwa wanne. Mimi Zuhura ndiye mkubwa, nikiwa na miaka kumi na minne. Akanifuata Mwanaidi wa miaka kumi, kisha Shabani wa saba, na Tatu, ambaye alikuwa hajatimiza minne na bado akilala lazima ashike sikio la mtu. Tuliishi Mzenga, wilaya ya Kisarawe, kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa na bati upande mmoja na makuti upande wa pili, kwa sababu baba alifariki kabla hajamaliza kuezeka. Wazazi wetu walikuwa Wanyamwezi wa Tabora. Baba alikuja msimu mmoja kupalilia mikorosho ya watu, akaipenda ardhi ya pale, akabaki. Kwa hiyo kijijini hatukuwa na ndugu wa damu hata mmoja. Mama naye alifariki miaka miwili baada ya baba. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita ili nimuuguze, na nilipomaliza kumuuguza hapakuwa na wa kunirudisha darasani.

Baada ya arobaini ya mama, Baba Mkubwa alibaki siku moja zaidi. Huyu alikuwa kaka yake baba, dereva wa ofisi huko Kibaha, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na katika upande wa baba yeye ndiye aliyekuwa karibu. Asubuhi ile watu waligawana kanga za mama kwenye mkeka. Jioni, kwenye mkeka ule ule, Baba Mkubwa akaanza kutugawa sisi. Mwanaidi na Shabani wangekwenda kwake Maili Moja. Tatu angekwenda kwa shangazi Mlandizi. Mimi nilikuwa nimetafutiwa kazi za ndani kwa mama mmoja wa Kibaha, "mtu mwema sana, anaswali."

Nikasema hapana. Sijui nilipata wapi mdomo ule. Nikasema tutabaki hapa hapa, nitalima shamba la mama, nitawapikia, watakwenda shule.

Baba Mkubwa hakukasirika. Alisema maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake.

"Zuhura, nyumba ni moto. Nyumba inayoamka kila siku ikaomba moto kwa jirani, hiyo si nyumba, ni kambi. Nakupa masika haya. Nitakuja bila taarifa. Nikikuta mmeshindwa, nawachukua, na hutanijibu tena."

Nadhani alisema moto akimaanisha mambo mengi: chakula, usafi, adabu, afya za watoto. Mimi niliyachukua maneno yake kama yalivyo. Nikaapa moyoni kwamba nyumba yetu haitaomba moto kwa mtu yeyote.

Sasa hapa lazima niseme kitu kwa wasiojua maisha yale. Kuomba moto Mzenga halikuwa jambo la aibu. Asubuhi unatazama paa gani linatoa moshi, unachukua kigae au kipande cha kumbi, unapiga hodi, unapewa kaa, unarudi unapuliza njiani. Watu wazima wenye nyumba zao walifanya hivyo, na kiberiti kilitunzwa kwa ajili ya siku mbaya. Mimi peke yangu ndiye niliyelifanya kuwa jambo la kufa na kupona.

Tena jirani wa karibu mwenye moto alikuwa Bi Mwajuma.

Bi Mwajuma alikuwa Mzaramo wa pale pale, mjane, mwanamke mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya kuita kuku wa kijiji kizima. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na yeye utani aliufanya kazi ya kudumu. Mtani wa kweli hakuombi kitu, anachukua. Siku ya mazishi ya mama aliingia jikoni kwetu akabeba sufuria kubwa mbele ya waombolezaji, akasema hiyo ni ada yake ya kuvumilia kelele za Wanyamwezi miaka yote. Watu wakacheka katikati ya machozi. Sisi watoto hatukucheka. Tulimwona mwizi. Sufuria aliirudisha baada ya wiki, ikiwa na mchele ndani, lakini moyo wangu ulikuwa umeshafunga mlango.

Jina langu hakulitaja hata siku moja. "We Mnyamwezi!" aliita kutoka kwake, hatua ishirini tu. "Jua limefika Dar na wewe bado unapuliza? Babu zako walibeba mizigo mpaka pwani, wewe kubeba kaa moja huwezi? Njoo uchukue moto!"

"Tunao, Bibi!" nilijibu, macho yamejaa moshi. "Shikamoo!"

"Marahaba, muongo!"

Na kweli nilikuwa muongo. Mama alikuwa ametujengea jiko la kuni la udongo, lenye mafiga mawili na mdomo mwembamba, alilofundishwa na wanawake wa kikundi. Lilikula kuni chache na lilipika vizuri, ila lilikuwa jiko lenye maringo. Likiwa baridi halikubali moto wa kubembeleza. Ulihitaji kulishtua kwa moto mkali tangu mwanzo, ndipo livute hewa. Kiangazi makumbi makavu yalitosha. Masika yalipoanza, makumbi yakaota ukungu, kuni zikatoa povu kwenye ncha, na njiti za kiberiti zikawa zinaacha vichwa vyake ubavuni mwa boksi. Wenzetu walichoma mifuko ya plastiki au walimwagia mafuta ya taa. Mafuta hatukuwa nayo, na plastiki mama alikuwa ameikataza kwa sababu ya kifua chake. Asubuhi mbili watoto walikwenda shule na muhogo mbichi. Siku ya pili Mwanaidi aliniambia, bila kunitazama, kwamba Maili Moja kwa Baba Mkubwa wanapikia mkaa.

Hapo ndipo nilipoanza kutengeneza viwashio.

Wazo lilitoka kwenye jalala la Bi Mwajuma. Msimu wa korosho alibangua nyingi kuliko mtu yeyote pale. Alizichoma kwenye bati lililotobolewa matundu, na zilipowaka zilirusha ndimi za moto kama zimemwagiwa petroli. Maganda yake, yaliyoungua nusu, aliyarundika nyuma ya nyumba. Nikajiambia: kitu kinachowaka hivyo, hata masika yatakiogopa.

Niliyatwanga maganda kwenye jiwe. Nikamtuma Mwanaidi kwa fundi wa vitanda akalete maranda. Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo uwe gundi. Nikachanganya vyote kwa mikono. Kilibaki kitu cha kudaka moto wa njiti haraka, na hicho tulikuwa nacho ndani: mto wa mama, uliojazwa sufi, ukiwa umefumuka pembeni. Mwanaidi aliposikia aliukumbatia, akagoma. Tulikubaliana tutatoa kidogo tu, ile iliyokwisha chungulia nje yenyewe. Kila siku ilichungulia nyingine kidogo. Mimi sikuuliza ni nani anayeivuta.

Tulifinyanga kwa chuma cha vitumbua. Kila tundu tuliliwekea karatasi ya daftari, tukajaza mchanganyiko, tukashindilia, na juu tukachomeka kishungi cha sufi. Vilipokauka, siku tatu juu ya bati kati ya mvua na mvua, vilitoka vikiwa vya mviringo na rangi ya kahawia. Shabani akaviita vitumbua. Tatu akaamini, akakilamba kimoja, akalia hadi alasiri mdomo ukiwa umevimba kama wa bata.

Hilo lingetosha kunifundisha, lakini mimi nilikuwa najua mno. Mtoto yeyote wa Mzenga alijua kwamba ganda bichi la korosho linababua ngozi. Wavulana walijiandika herufi mikononi kwa mafuta yake ili wapate alama. Nilidhani yale yaliyopitia motoni yameshakufa. Kumbe yalikuwa yamelala tu. Kesho yake viganja vyangu vilikuwa na malengelenge, halafu ngozi ikaanza kutoka kama ganda la kitunguu. Nilivifunga vitambaa nikasema nimeungua na sufuria.

Lakini vitumbua viliwaka! Nilisogeza njiti moja, sufi ikadaka, maranda yakafuata, kisha maganda yakaanza kutema mafuta na kunguruma. Jiko likavuta. Kuni mbichi zikasalimu amri. Nikabandika sufuria ya maharage mara moja kwa furaha, na Shabani akacheza ngoma ya peke yake.

Furaha haikufika mbali. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ukatutoa jikoni wote wanne tukiwa tumeziba nyuso. Tulisimama uani tunalia kwa safu. Bi Mwajuma alitoka mbio, kanga moja imebaki mlangoni kwake.

"Nani kafa tena?"

"Hakuna, Bibi," nilisema. "Tunapika."

Alichungulia jikoni, akanusa, akarudi akinitazama vitambaa vya mikononi. Alikaa kwenye kinu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mungu wangu, Wanyamwezi! Mmechukua takataka zangu, sasa mnataka kuzila na maharage!"

Maharage yalikuwa machungu kama dawa ya minyoo. Tulimwaga yote, na kuku hawakuyagusa.

Alipomaliza kucheka akaniambia kitu, nacho alikisema kama tusi. "Moto wa korosho una hasira. Mwenye hasira humpi kazi akiwa bado anatukana. Mwache atukane yamwishe, moshi ukiwa mweupe ndipo umbebeshe sufuria. Na hiyo mikono paka mafuta ya nazi, usije ukawagusa watoto macho." Akaondoka. Jioni tulikuta kifuu chenye mafuta ya nazi mlangoni. Nilijipaka, nikaapa tena kwamba moto siombi.

Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu. Maganda niliyachoma upya juu ya bati kwa mbali, nikayakoroga kwa kijiti, si kwa mikono. Kiwashio kilipowaka, hakuna aliyebandika kitu mpaka Shabani, akiwa amesimama mlangoni, amalize jedwali la mbili. Moshi mweusi ulikwisha kwenye mbili mara tisa. Masika yalipozidi na kuni kuwa mbichi zaidi tukahamia jedwali la tatu. Yeye ndiye pekee darasani kwake aliyefika la saba bila kukosea, na mwalimu alidhani nyumbani kuna mtu amesoma sana.

Baba Mkubwa alikuja kama alivyosema, bila taarifa, asubuhi ya siku ya tatu ya mvua isiyokatika. Bodaboda ilimshusha barabarani, akatembea matopeni akiwa ameshika viatu mkononi. Mkono wa pili alikuwa na begi kubwa, tupu. Niliona lilivyokunjika nikajua ni la nguo za wadogo zangu.

Alikaa barazani, uso wake ukiwa umeelekea kwa Bi Mwajuma, akaomba chai. Hakuniuliza habari nyingine yoyote.

Jikoni boksi la kiberiti lilikuwa na njiti mbili. Ya kwanza ilipasuka kichwa. Mwanaidi alikuwa amembeba Tatu mgongoni, na nilisikia pumzi zao wote wawili. Ya pili niliipitisha nyweleni kwanza, kama mama alivyokuwa akifanya kuipa joto, nikaikwaruza. Ikawaka kidogo, kamoto ka buluu. Sufi ikadaka.

"Mbili mara moja, mbili," Shabani akaanza, akiwa mlangoni.

Nilimpelekea Baba Mkubwa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha inayofuka. Alikunywa taratibu. Alitazama mikono yangu, ngozi mpya ilikuwa ya waridi bado. Alitazama soksi za Shabani. Begi lilikuwa pale pale miguuni kwake.

Ndipo Bi Mwajuma alipovuka uwanja, kigae mkononi, amejifunika mkeka kwa mvua. Nyuma yake moshi ulikuwa umelalia paa lake la makuti kwa uzito wa unyevu.

"Mtani, hujafa?" Baba Mkubwa akamwanza.

"Nife nikuachie nani wa kumtesa?" alijibu, lakini hakuendelea, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hakuingia jikoni kujichukulia. Alisimama chini ya mchirizi wa paa, akakunja magoti kidogo, kama mtu anavyomsalimu mwenye nyumba anayemheshimu, akasema, "Zuhura mwanangu, shida imenikuta. Naomba kaa la moto."

Kikombe cha Baba Mkubwa kilisimama nusu ya njia. Alimtazama Bi Mwajuma. Akatazama mbele yake, upande wa nyumba ya yule mama. Akanitazama mimi.

"Mpe mama moto," alisema.

Nilichagua kaa kubwa kuliko yote nikaliweka kwenye kigae. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari. Bi Mwajuma! Yeye aliyenicheka masika mazima, leo kuni zake zimemshinda na anakuja kupiga magoti kwangu!

Baba Mkubwa alimaliza chai. Akaomba aonyeshwe vile vitumbua, akavigeuza, akanusa, akakunja uso. Akafunga vitatu kwenye gazeti akasema atamwonyesha mkewe. Begi akalijaza mihogo niliyomchimbia. "Nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi," alisema. Na alikuja, miaka yote, hadi Tatu alipomaliza darasa la saba.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba viwashio ndivyo vilivyotuokoa. Niliwasimulia wadogo zangu hivyo, na nilipohamia Kibaha niliwasimulia majirani hivyo. Hadithi ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa shujaa wake.

Miaka michache iliyopita nilikwenda msibani, si mbali na hapa. Watani walikuwepo, wakifanya vituko vyao, mmoja amelala mlangoni anadai hatoki mpaka apewe kuku. Ghafla yule yule akainuka, akavua kofia, akamwendea mtoto wa marehemu, kijana mdogo ambaye ukoo ulikuwa bado unabishana kama anaweza kuachiwa nyumba, akamwomba maji ya kunywa kwa adabu kamili. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Mzee aliyekaa jirani yangu akanong'ona, "Mtani akiacha utani mbele ya watu, ana neno anawaambia wakubwa."

Sikusikia kilichofuata msibani pale. Nilikuwa Mzenga, nimesimama barazani, naona moshi juu ya paa la makuti. Moshi wa jikoni. Paa la mtu aliyekuja kuniomba moto! Na Baba Mkubwa alikuwa amekaa analitazama paa lile tangu alipofika. Aliona. Wote wawili walijua, na katikati yao nilisimama mimi, nimetuna kama chura, sijui kwamba watu wazima wawili wamemaliza kikao juu ya kichwa changu kwa maneno machache.

Nilimfuata Bi Mwajuma wiki iliyofuata. Sasa ni mzee sana, macho hayaoni mbali, na wajukuu wamemletea jiko la gesi ambalo analifunika kwa kitambaa kama maiti, haligusi. Nilimpigia magoti, nikampa shikamoo, nikamwambia: Bibi, siku ile moto ulikuwa nao.

Alitafuna ulimi wake.

"Nilikuwa nimeinjika mchicha," alisema. "Ukaungua, kwa ajili yenu. Niliutupa." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini nyie! Kwa miguu mnatoka Tabora mnafika baharini. Kwa akili mnafika lini? Miaka yote hii ndiyo kwanza unawasili?"

Tulicheka pamoja, na kwa mara ya kwanza nikamrudishia utani wake mmoja baada ya mwingine, mpaka wajukuu wakatoka kutazama kuna nini.

Sijutii vile viwashio. Vilikuwa vizuri, viliwaka, na mikono iliyovitengeneza ilikuwa yangu. Ila nilidhani nguvu ya nyumba ni kutomwomba mtu kitu, na nilimnyima yule mama hodi yangu masika mazima wakati yeye alikuwa akiita kila asubuhi. Nilisikia kejeli tu. Leo nikiwa na watoto wangu naelewa kwamba alikuwa anahesabu sauti zetu, kuhakikisha tumeamka wote wanne.